Mlango wa Bwana Kanbe

Katika mji mmoja wa kaskazini mwa Japani, theluji ikishafukia viti vya bustani, kijiwe huhamia kwenye duka la dobi la Tokie, benchi la mbele ya mashine za kukaushia, kila mtu na kahawa yake ya kopo. Tokie wanamwita Redio. Iwabuchi, aliyetibu ng'ombe maisha yake yote, ni Daktari. Shigemitsu, aliyestaafu reli, ni Stesheni. Asubuhi hiyo mwenzao wa nne, Bwana Kanbe, hakuwepo. Alikuwa hospitali, nyonga imevunjika, na aliyemwokota sakafuni ni Mwalimu Aune, mmisionari wa Kifini.

— Mimi bado nauliza, Daktari alisema. Nchi hii treni hazichelewi, choo kinakupashia joto kiti. Mmisionari wa nini?

— Na kwao nako si wana hela? Redio akadakia. Tajiri kumhubiria tajiri! Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

— Miaka yote hiyo, waumini wake hawajazi hata meza moja.

— Sasa alijuaje Kanbe kaanguka?

— Jasusi yule. Wafini wana vyombo.

— Vya kunasa mzee akidondoka? Toka hapa!

— Basi Mungu wake kampigia simu.

— Kwa Kijapani au kwa Kifini?

Stesheni hakucheka. Nyumba yake na ya Kanbe zinatazamana.

— Hakupigiwa simu na mtu. Kila Alhamisi hugonga pale. Kanbe humfokea toka ndani, "Sihitaji!" Mwalimu huinama, huenda zake. Juzi kagonga, kimya. Kagonga tena, kimya. Nikamwona kashika koleo, anachimba theluji ya kiunoni kuelekea uani. Akavunja dirisha la jikoni kwa kiwiko. Nilipofika nilimkuta kamfunika Kanbe koti lake mwenyewe, yeye kaketi sakafuni, anamsugua miguu.

— Akamhubiria?

— Kanbe ndiye aliyeanza. Akamwambia, "Sijabadili msimamo, ujue." Mwalimu akamjibu, "Najua. Usilale."

Redio aliweka kopo chini.

— Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu kajitwalia mwenyewe.

— Kwangu nako hugonga, Daktari alisema taratibu. Mimi huzima taa.

— Na akija tena?

— Nitamfokea walau. Ajue nipo.

Safari hii walicheka wote, hata Stesheni, lakini kicheko hakikufika mbali.

Mlango ukafunguliwa. Aliingia mwanamke mwenye begi la safari, theluji mabegani.

— Samahanini wazee wangu. Mimi Chinatsu, binti wa Kanbe, nimetoka Osaka. Baba hataki kula chakula cha hospitali. Nimeambiwa mlikuwa mkikaa naye kila siku. Anapenda kula nini?

Redio alimtazama Daktari. Daktari akamtazama Stesheni. Walijua timu ya besiboli ya Kanbe, walijua goti lake linalouma mvua ikikaribia. Ndani ya nyumba yake, kabla ya juzi, hakuna aliyewahi kukanyaga.

— Hatujui, binti yangu, Stesheni alisema. Twende hospitali tukamwulize mwenyewe.

Akainuka, akaanza kuvaa viatu vya theluji.

— Ngoja, Daktari alisema akitafuta kofia yake. Tunakwenda wote.