Beseni la Mjomba Paimo

Kama hujawahi kukaa kwenye benchi la Bu Yem, yaani Mama Yem, usimwambie mtu kwamba umewahi kunywa kahawa. Ulikunywa maji meusi tu. Benchi lenyewe ni ubao mmoja uliolazwa juu ya mapande mawili ya marumaru, kando ya barabara ya Campurdarat, huku kusini mwa Tulungagung ambako hata kuku anatembea na vumbi jeupe mgongoni. Ng'ambo ya barabara kuna karakana ya Bu Hesti, na mbele yake mabeseni ya kunawia yamepangwa kama meno ya mtu anayejua kucheka. Kahawa ya Bu Yem inasagwa laini kama poda ya mtoto. Ukishainywa humwagi mashapo. Unachovya kijiti, unachora maua kwenye sigara yako, kisha unaiwasha na kuivuta sanaa yako mwenyewe mpaka iishe. Watu wa mbali wanasema huo ni upotevu wa muda. Watu wa mbali wana shida zao.

Asubuhi hiyo mwenye benchi alikuwa Bledek. Nyumbani wanamwita Rendi, ila kijiwe kilimpa jina la Bledek, yaani radi, kwa sababu ngurumo zake zinafika kabla yake. Shule aliiacha mapema, au kwa maneno yake, shule ilishindwa kwenda na mwendo wake. Alikuwa na miaka ishirini na mbili, na tangu Jumamosi ndiye msimamizi wa karakana. Bu Hesti hakumchagua kwa mdomo wake, alimchagua kwa jicho lake: kasoro iliyojificha ndani ya jiwe, Bledek anaiona kama wewe unavyoona ng'ombe barabarani.

Leo lori la bandarini lilikuwa linakuja kupakia. Kazi ya msimamizi siku kama hiyo ni moja tu, kusema beseni gani linakwenda na gani linabaki. Alfajiri Bledek aliyamwagia maji yote. Yakakauka sawasawa, isipokuwa moja. Juu yake ulibaki mstari mweusi, mwembamba kama unywele, kutoka tundu la maji mpaka ukingoni. Ufa. Na beseni lilikuwa la Mjomba Paimo, kaka wa mama yake, mtu aliyemshikisha patasi ya kwanza, ambaye sasa hivi alikuwa ameketi bega kwa bega naye, akichora ua kwenye sigara. Tangu wakae, Bledek alikuwa ameshazungumzia mpira, mvua, bei ya pikipiki na ndoa ya jirani. Ufa hajaugusa.

— Mimi sasa ni mtu mpya, alisema Gembos.

Gembos anaziba pancha hatua chache kutoka hapo, na jina lake maana yake ni tairi lililoisha upepo. Bledek alimkagua toka juu mpaka chini.

— Upya uko wapi? Tumbo ni lile lile. Shati ni lile lile, na doa la pilipili la Jumatatu bado linakusalimia.

— Upya uko ndani, mshikaji. Jana nilikuwa kwenye semina, ukumbi wa hoteli, mjini. Tumefungwa vitambaa vyekundu kichwani. Mwalimu kavaa suti, anatoka jasho kama anasukuma mkokoteni. Kasema, badili fikra zako, maisha yatakufuata.

— Yamekufuata?

— Yako njiani.

— Yatakuwa yamepata pancha, alisema Bu Yem kutoka jikoni. — Sasa hizo fikra zinabadilishwaje?

— Unaamka, unasimama mbele ya kioo, unajiambia, mimi ni chui. Halafu unanguruma.

— Mkeo akasemaje?

— Akaniuliza kama nimekwamwa na mfupa.

Bledek alicheka mpaka kahawa ikamwagika kwenye kisahani.

— Mimi sihitaji kioo. Kioo ndicho kinanihitaji mimi. Fikra zangu zilishabadilika tumboni mwa mama. Mnadhani usimamizi wa miaka ishirini na mbili ni bahati? Mwenda pole hajikwai, ndiyo maana mimi nakimbia.

— Hiyo methali umeikosea, Bu Yem alisema.

— Imenikosea yenyewe, Bu. Mimi nilikuwa nimesimama palepale.

Mjomba Paimo hakucheka. Aliisogeza sigara mbali na uso wake, akaitazama, akaisogeza mbali zaidi.

— Msimamizi, alisema polepole. — Umeshayaangalia mabeseni?

— Nimeyaangalia, mjomba.

— Yakoje?

— Yanang'aa.

— Na langu?

— Linang'aa kuliko yote.

Uongo haukuwemo hapo hata punje. Ufa nao unang'aa ukisuguliwa vizuri. Lakini mdomoni mwa Bledek jibu halikuwa na ladha, kama maharage ya soya yaliyokaangwa bila chumvi. Wengine wote angeweza kuwangurumia. Juzi tu alimrudishia kazi fundi mwenye ndevu, na fundi akanywea. Ila kwa mjomba, ulimi ulilala chini kama mbwa aliyeshiba. Huku mdogo hamsahihishi mkubwa. Anangoja mkubwa ajisahihishe, na mkubwa naye anangoja asisahihishwe, na mambo yanakwenda hivyo hivyo mpaka mmoja anazikwa.

— Sikilizeni, Gembos aliendelea. — Mwalimu kasema kinachotushinda ni hofu. Kila mtu ana ufa wake ndani.

Mjomba aliinua kichwa.

— Nani kasema ufa?

— Ufa wa moyoni, mjomba. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi nasema basi usiuzibe, acha uanguke, ujenge ukuta mpya. Ukuta mpya ni maendeleo.

— Kumbe ndiyo maana pancha zako hazizibiki, Bledek alisema haraka, kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika.

Bu Yem alitoka jikoni na sahani ya ndizi za kukaanga, akaiweka katikati ya benchi, akabaki amesimama. Akisimama hivyo ujue kuna hukumu.

— Nyote mnazunguka mbuyu. Shida si kioo wala moyo. Shida ni jina. Mtoto wa dada yangu alikuwa anaugua kila mwezi kwa sababu jina lilimzidi uzito. Tukapika uji mwekundu na mweupe, tukawaita majirani, tukampa jina lingine. Leo anaendesha winchi Surabaya. Sasa wewe Rendi, wewe umeangukia upande wa pili. Jina lako jepesi mno. Hilo ni jina la mtu wa kuosha pikipiki.

— Kweli kabisa, Gembos alidakia. — Msimamizi anahitaji jina la kishindo. Mwiteni Suryonegoro, kama watawala wa zamani.

— Hilo ni jina la mtu mwenye farasi, alisema Bledek.

— Farasi atakuja. Kwanza jina. Tena nimepata wazo kubwa zaidi, hata mwalimu wa semina hakulifikia. Uwe nayo mawili. Nyumbani wewe ni Rendi, mpole, unapiga magoti kwa wazee. Ukivuka barabara kuingia karakana, wewe ni Suryonegoro. Rendi ana mjomba. Suryonegoro hana mjomba, hana shangazi, hana jirani. Suryonegoro anamfokea mtu yeyote.

— Amfokee nani? aliuliza Mjomba Paimo.

Pikipiki mbili zilipita. Vumbi likapanda, likashuka.

— Mfano tu, mjomba, Gembos alisema, akachukua ndizi.

Mjomba alichovya kijiti kwenye mashapo.

— Mnahangaika bure. Mtu habadiliki. Mtu ni jiwe, ana mishipa yake aliyotoka nayo mlimani. Fundi mzuri anaifuata. Lakini siku hizi kila aliyeanza kazi juzi akiona mshipa anapiga kelele, ufa, ufa. Si ufa. Ni mshipa.

Alisema hivyo akiangalia barabarani, si mtu. Kwa hiyo anajua kuna kitu, Bledek aliwaza. Kuna mtu ameshamnong'oneza. Na Bledek alikumbuka vizuri ni nani aliyemfundisha kutofautisha: mshipa haunywi maji, ufa unakunywa. Maneno ya mjomba huyu huyu. Sasa ilikuwaje asiuone?

Ndipo alipoangalia ile sigara. Ua lilikuwa zuri, petali nne safi juu ya karatasi. Ya tano ilikuwa imechorwa kwenye kidole gumba cha mjomba, na mjomba alikuwa bado anaipamba, kwa utulivu, kama fundi.

Bledek aliweka kikombe chini. Benchi lilionekana fupi ghafla. Kumbe kumwambia mjomba habari ya ufa ni kumwambia habari ya macho. Na kutomwambia ni kulipeleka jiwe bandarini, liende kupasukia kwenye nyumba ya mtu mara ya kwanza atakapofungua maji ya moto, na Bu Hesti aulize nani alilipitisha. Angejibu nini? Kwamba lilikuwa linang'aa?

Lori lilifika likipiga honi ya adabu. Dereva alishuka, mwanamume mwenye masharubu na taulo shingoni, mgeni, maana aliinama kidogo alipopita mbele yao, jambo ambalo wateja wa Bu Yem walishaacha kulifanya.

— Samahanini jamani, alisema. — Nipakie yote?

Ni swali la maneno mawili. Gembos alianza kuichunguza ndizi yake kana kwamba ina maandishi. Bu Yem alikifuta kikombe kilichokuwa kisafi. Mjomba Paimo aliendelea kuchora kidole.

Bledek alimtafuta yule chui, hakunguruma. Akamtafuta Suryonegoro; labda alikuwa bado anatafuta farasi. Aliyebaki kwenye benchi ni Rendi tu, mpwa wa mtu.

— Yote, alisema Rendi. — Isipokuwa la tatu kutoka mlangoni.

Sauti ilikuwa ndogo. Hata yeye aliishangaa. Lakini haikutetemeka, na alipogundua kwamba haitetemeki alimgeukia mjomba.

— Lina ufa, mjomba. Kutoka tundu la maji mpaka ukingoni.

— Ni mshipa.

— Linakunywa maji, mjomba.

Dereva alirudi nyuma hatua moja, kama mtu aliyefungua mlango wa chumba ambacho si chake.

— Unaniambia mbele ya watu, alisema Mjomba Paimo.

— Nilitaka kukwambia alfajiri tukiwa wawili. Nikaanza na habari za mpira.

— Ukaongea sana.

— Nikaongea sana, nisamehe kwa hilo. Ila kwa beseni sikuombi radhi. Halitoki hapa. Na kuanzia kesho, kabla hujapiga msasa wa mwisho, niite tuangalie pamoja. Mimi nami nitakuita kwenye langu. Mkono wangu bado una papara, wewe ndiye unaujua.

Mjomba alijitazama kidole, akaiona ile petali, akaifuta kwenye suruali. Kisha aliilaza sigara ukingoni mwa benchi bila kuiwasha, akasimama, akavuka barabara bila kuangalia kulia wala kushoto. Pikipiki ilimpigia honi, naye hakuijali.

— Umemuua, Gembos alinong'ona.

— Kula ndizi yako, alisema Bu Yem.

Walimwona akihesabu kutoka mlangoni. Moja, mbili, tatu. Aliinama, akaweka kidole gumba kwenye ukingo, akakizungusha polepole. Kidole kilikwenda, kikaenda, kikasimama. Kilikaa pale muda mrefu. Kikarudi nyuma kidogo, kikapita tena mahali palepale, kikasimama tena.

Kisha Mjomba Paimo alitanua miguu, akashika beseni upande mmoja, akapiga kelele kuvuka barabara.

— Msimamizi, unangoja nini? Njoo ushike huku tulirudishe ndani. Au siku hizi mnasimamia kwa kukaa?

Rendi alikuwa ameshafika katikati ya barabara kabla sentensi haijaisha. Alishika upande wa pili. Jiwe lilikuwa zito, na baridi ya asubuhi ilikuwa bado imo ndani yake.

— Taratibu, alisema mjomba walipolinyanyua. — Lina ufa.