Alijua Anaongea na Nani

Ndugu waombolezaji, majirani, jamaa na marafiki, nimesimama hapa kwa niaba ya familia, mimi binti yake wa kwanza, kuwasomea maisha ya baba yetu, na kabla sijaanza naomba mjue kwamba historia hii ilitakiwa iwe na sentensi moja zaidi. Juzi asubuhi maofisa wawili wa jeshi walifika nyumbani na bendera iliyokunjwa vizuri, wakatuambia kwamba jeneza litafunikwa kwa bendera hiyo na marehemu atazikwa kama askari, mradi isomwe mbele yenu kuwa alichokifanya vitani alikifanya kwa kutojua. Familia ilikaa, ikazungumza, mama akasema neno la mwisho, na sentensi hiyo haimo. Bendera iko pale kwenye kiti cha mbele, mnaiona, na maofisa wamekaa kando yake, tumewakaribisha kwa heshima zote, wasikilize na wao.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Agosti 1948, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya kupanga iliyotazamana na kiwanda cha sabuni, akiwa kitinda mimba wa mpishi wa kiwandani na mkunga wa mtaa. Bibi yetu huyo mkunga alikuwa mkali kwa jambo moja tu, salamu, na mtoto wake aliyempita mtu mzima bila shikamoo alirudishwa kutoka popote alipofika, hata kama ameshafika mlangoni mwa shule, basi marehemu, ambaye hakupenda kurudishwa, akaona heri amwamkie kila mtu, mpaka wenzake aliowazidi miezi.

Alianza shule ya msingi Januari 1956 na kuimaliza Desemba 1963, hesabu zikimpiga chenga lakini mwandiko wake ukitundikwa ukutani, na tarehe 1 Machi 1965 akaajiriwa kama karani mwanafunzi katika kampuni moja ya malori ya mizigo. Karani mkuu wa pale alimfundisha kupokea simu kwa utaratibu ambao hakuwahi kuuacha maisha yake yote, kwamba unasimama, unataja ofisi yako, unasalimu, unauliza nikusaidie nini, na kamwe hukati wewe kwanza, kwa sababu aliyepiga ana shida yake na hujui amehangaika kiasi gani kukupata. Marehemu aliyashika hayo kama alivyoshika shikamoo.

Vita ilipopamba moto, tarehe 12 Februari 1968, aliitwa jeshini, na kwa kuwa alijua kupiga chapa wakamfanya karani wa kombania, kombania yenyewe ikiwa imeweka ofisi yake katika duka la mikate lililokimbiwa na mwenyewe, kaunta ikawa meza ya kapteni, tanuri likawa kabati la mafaili, na kila herufi aliyopiga marehemu ilitimua vumbi la unga kutoka kwenye mashine. Alifika pale akiwa na miaka kumi na tisa, akawaamkia makuruta, akawaamkia wapishi, akamwamkia mlinzi wa zamu aliyekuwa usingizini, na kabla ya chakula cha mchana alikuwa ameshapewa jina la Shikamoo.

Palikuwa na sajenti mmoja aliyeitwa Radi kwa ajili ya sauti yake, mtu wa mizaha, ambaye alimtuma marehemu stoo akalete kilo tano za kivuli, kombania nzima ikajibanza madirishani ili ivunjike mbavu. Marehemu akarudi jasho likimtiririka, amebeba turubai, akaomba radhi kwamba limezidi kidogo kwenye mizani lakini mtunza stoo amekataa kulikata. Waliocheka walilala chini ya turubai hilo kipindi chote cha mvua, na bado waliendelea kumwita mjinga.

Sasa, ndugu zangu, nafika pale ambapo tuliombwa tupite haraka, na sitapita haraka. Ukutani mwa duka lile palikuwa na simu mbili, moja ya jeshi, iliyounganishwa na makao makuu, na nyingine ya mwoka mikate mwenyewe, kisanduku cheusi cha kuzungusha mkono, ambacho waya wake ulikwenda mahali pamoja tu duniani, kwenye kinu cha ngano ng'ambo ya mto, alikokuwa akiagizia unga. Kinu hicho kilikuwa kimeshikwa na adui, na fundi wa simu wa kombania hakuukata ule waya kwa sababu alidhani kisanduku ni pambo.

Tarehe 3 Juni 1968 pambo likalia. Marehemu akasimama, akasema hapa ni Kombania ya Tatu, shikamoo, nikusaidie nini, na sauti ikaitika marahaba, hapa ni kinuni. Adui naye alikuwa na Kombania ya Tatu yake, kwa hiyo karani wa kule alidhani anaongea na watu wake, na marehemu, ambaye hakuna aliyewahi kumwambia kinu ni cha nani, alidhani anaongea na mzee mmoja mwenye unga, na kwa kuwa wiki nzima walikuwa wakitafuna biskuti ngumu kama kokoto, akauliza kwa adabu kama unga ungepatikana. Kesho yake alfajiri magunia mawili ya unga wa ngano yalikuwa kivukoni, mahali walipoelewana yaachwe, wapishi wetu wakayabeba, mafaili yakatolewa tanurini, na kombania ikala mkate wa moto kwa mara ya kwanza tangu vita ianze. Kapteni alipouliza unga umetoka wapi aliambiwa kinuni, akampongeza marehemu mbele ya gwaride, na hakuuliza kinu gani.

Siku ya tatu simu ikalia tena, na safari hii sauti haikuwa ya uzee hata kidogo, maana Kombania ya Tatu ya ng'ambo ilikuwa imelalamika kwamba haijauona unga wake. Ikauliza, "Wewe uko upande gani?" Marehemu akataja upande wake, lakini hakukata simu kwa sababu ndivyo alivyofundishwa, na yule wa pili naye hakukata, mpaka yule wa pili akauliza kama mkate ulitoka vizuri. Marehemu akamwambia uliungua kidogo kwa chini. Hapo ndipo ikajulikana kwamba aliyeitikia marahaba kwa madaha yote yale alikuwa kijana wa miaka kumi na tisa, mdogo wa marehemu kwa miezi minne, na marehemu akadai arudishiwe shikamoo yake, akarudishiwa.

Tangu siku hiyo alijua. Naisema polepole ili wanaoandika waandike, tangu siku hiyo marehemu alijua anaongea na nani, na aliendelea kuongea naye, kuhusu mama zao, kuhusu mbu, kuhusu mashine za kupiga chapa zinazokwama herufi, bila kumtajia bunduki hata moja wala kuulizwa.

Tarehe 27 Agosti 1968 kombania yetu ilijaribu kuvuka mto ikarudishwa nyuma, na watu wa pande zote mbili wakabaki wamelala kwenye mchanga wa katikati, juani, wengine wamekufa, wengine wangali hai lakini mifupa yao imevunjika, na kila aliyenyanyuka kwenda kuwachukua alipigwa risasi na upande wa pili. Sajenti Radi alikuwa mmoja wa majeruhi wale wa mchangani, mguu umesagika, akiomba maji kwa ile sauti yake iliyokuwa ikitetemesha vioo, na marehemu mezani pake akaisikia ikipungua, ikipungua, ikawa kama ya mtoto. Akasimama, akazungusha mkono wa kisanduku. Alisema, "Ndugu yangu, nina watu wangu pale mchangani, na wewe una wako."

Wakakubaliana kwamba kila mmoja amwendee kapteni wake na kumwambia simu imeleta habari, risasi zisimame kuanzia saa sita mpaka saa nane, majeruhi wachukuliwe. Kapteni wetu alikuwa na simu mbili ukutani na hakuuliza ni ipi iliyosema, na wa ng'ambo naye vilevile. Kwa saa mbili wabeba machela wa pande zote walipishana kwenye mchanga mmoja, wakapeana maji, wakaoneshana nani wa nani, na kila aliyekuwa akipumua akaondolewa. Saa nane ilipofika hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kufyatua, ikawa kimya mpaka kesho yake.

Makao makuu hayakuwa yametoa amri kama hiyo, yakaja kuuliza, kisanduku kikang'olewa ukutani, na tarehe 20 Januari 1969 marehemu akafikishwa mbele ya mahakama ya kijeshi kwa kosa la kuwasiliana na adui, ambalo adhabu yake ilikuwa kupigwa risasi. Sajenti Radi alikuja kwa magongo kutoa ushahidi, akaieleza mahakama kwamba kijana huyu ni mjinga wa kuzaliwa, alitumwa kivuli akaenda, hawezi kujua adui ni nani. Alikuwa akimwokoa, na marehemu alilielewa hilo, na machozi yalimtoka. Kanali aliyeongoza mahakama akamgeukia, akamuuliza kama alijua, na majibu yake yameandikwa na karani mwenzake wa mahakamani, nasi tumeyaona. "Shikamoo, mzee. Siku ya kwanza sikujua. Baadaye nilijua, na siku ya mchangani nilijua kuliko siku zote."

Walimpa kifungo cha miaka kumi badala ya risasi, na hakuna aliyetueleza sababu, ila familia inaamini ni kwa kuwa kanali yule alikuwa ameshaitikia marahaba kabla hajajizuia, na ni kazi ngumu kumpeleka kwenye risasi kijana uliyekwisha kumwitikia. Alifukuzwa jeshini kwa aibu, akatumikia kifungo mpaka msamaha wa jumla wa tarehe 14 Novemba 1974, akatoka akiwa na nguo alizovaa na kikohozi.

Ofisi zote zilimfungia mlango, isipokuwa kiwanda kimoja cha kupasua mbao, ambako hakuna karani aliyevumilia kelele za misumeno, na hapo alipokea simu kwa miaka thelathini na mitatu, akisimama kila inapolia. Ndiko alikompata mama yetu, fundi cherehani, aliyepiga simu kufoka kwamba mbao za meza yake zimepunjwa, akasalimiwa, akaulizwa asaidiwe nini, akaachwa afoke mpaka mwisho. Walifunga ndoa tarehe 6 Machi 1976, na mama anasema hajamaliza kufoka mpaka leo. Walijaliwa watoto watatu, mabinti wawili na mvulana mmoja, na wajukuu saba. Shuleni tuliitwa watoto wa msaliti, tukarudi nyumbani tunalia, naye akatuambia tuwajibu kwamba ni kweli, baba yetu aliongea na adui, na adui akasikia.

Mwaka 1994 jeshi lilimwita likamwambia jina lake litasafishwa na atapata kiinua mgongo, akitia sahihi kwamba alitenda kwa kutojua. Bati la chumba chetu lilikuwa linavuja, mama alitaka atie sahihi, na alimwambia hivyo bila kumung'unya maneno. Marehemu alimjibu, "Nikitia sahihi, Radi atakuwa ameokolewa kwa bahati tu." Mama alimnunia mpaka mvua zikaisha, kisha siku moja akachukua nyundo, wakapanda wote wawili juu ya paa. Sajenti Radi, mpaka kifo chake, alikuwa akija kula kwetu kila Jumapili na kumwita baba mjinga, na baba alikuwa akimwongezea mchuzi. Yule wa kinuni hakuonana naye kamwe, hakulijua jina lake wala kama alitoka vitani mzima, na hilo lilimuuma mpaka mwisho.

Marehemu alianza kusumbuliwa na mapafu Oktoba 2017, akalazwa mara kadhaa, na tarehe 11 Mei 2019, saa nne asubuhi, akiwa ameshikwa mkono na mama, alifariki dunia. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya wanaume, ambao aliwaamkia wote hata wale wa rika la wajukuu zake, inawashukuru majirani kwa viti, maji na mikono yenu, na inawashukuru wapasua mbao waliozima misumeno yao leo, na kutengeneza jeneza hili bila kutuuliza chochote.

Maofisa wetu, nanyi tunawashukuru kwa kuja. Mliomba sentensi moja, tumewaandikia nyingine, ameitamka mama, mimi naisoma tu. "Mume wangu alijua anaongea na adui, alijua atauawa kwa kuongea naye, na alisimama akaongea." Ikiwa bendera yenu inaweza kumfunika mtu huyo, ileteni tuitandike sasa hivi. Ikiwa haiwezi, mama alikesha kwenye cherehani, shuka lipo.

Pumzika kwa amani, baba, ulijua.