Mbeyu Anakwenda Kusomea Kazi Gani?

Mbele ya banda la baisikeli pale Msambweni hapana benchi, pana taruma la reli, ile boriti ilalayo chini ya vyuma. Kitsao alikuja nalo kutoka Mackinnon Road siku alipoacha kazi ya kukaza misumari ya njia ya treni, na hapana aliyethubutu kumwuliza kama treni bado zapita huko salama. Tangu Uhuru, na huu ulikuwa mwaka wa tatu, mahali hapo paliitwa Bungeni. Kitsao mwenyewe ni Reli. Salimu, muuza kahawa, ni Redio, kwa kuwa habari za dunia hupita kwake kwanza, na zikipita hutoka zimenenepa. Mzee Boga ni Spika, maana hapana hoja ifungwayo bila yeye. Na Suleiman, fundi wa baisikeli, aliacha shule darasa la sita kwa sababu, asema mwenyewe, walimu walikuwa wamebakiwa na machache ya kumfundisha. Huyo ni Injini: akishawaka, hazimiki mpaka mafuta yaishe.

Alasiri hiyo Injini aliwaka mapema, kwani hoja ilikuwa ya damu yake. Dada yake, Mbeyu, alikuwa amemaliza kidato cha sita Mombasa, akapata nafasi Chuo Kikuu, Nairobi, kusomea hesabu. Tena si hesabu hivi hivi, ni hesabu za kutumika. Chuo kilikuwa kinafunguliwa, na treni ya mwisho ya kuwahi ilikuwa ya kesho. Baba yao alikwisha kukubali, lakini kwa Wadigo baba husema na mjomba ndiye hufunga. Mjomba alikuwa Mzee Boga, naye kwa wiki nzima alikuwa na neno moja tu: nitajieni kazi.

— Asomaye ualimu huwa mwalimu, akasema Mzee Boga akipokea kikombe. Asomaye udaktari huwa daktari. Huyu akisoma hesabu atakuwa nani? Mhesabu?

Suleiman alifuta mafuta ya mnyororo mikononi. Jana alikuwa amejipiga kifua mbele ya dada yake: wewe funga sanduku, ruhusa niachie mimi, nitakuletea ikiwa imekwisha kuiva. Sasa moyo ulimdunda, lakini mdomo wake haukuwa na habari za moyo.

— Mjomba, hesabu hizi hazikai karatasini kama zile za kugawana maembe. Hizi hutoka nje zikafanya kazi. Daraja lisianguke, ni hizo. Ndege isidondoke, ni hizo. Maji yatoke chemchemi za Mzima yafike Mombasa pasi na mtu kuyabeba, ni hizo!

— Hayo ni ya fundi bomba, akasema mzee. Mpwangu si fundi bomba.

Kitsao Reli akakohoa, akavuta msuli magotini.

— Mzee, hapo niachie mimi. Treni ikiteremka na mabehewa yake yote, dereva ashike breki wapi ili isimame stesheni, isipitilize porini kwa fisi? Si kwa kubahatisha! Pana mtu ofisini aliyekaa akakokotoa uzito na mwendo. Wahenga walisema, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Sasa swali: maji kiasi gani? Hapo ndipo hesabu ziingiapo.

— Yakhe Reli, akasema Salimu, watu wametoka kuswali, wewe watuletea tembo?

— Si tembo, ni methali.

— Methali yenyewe yanuka.

Wakacheka. Mzee Boga hakucheka.

— Nyinyi mwatambaa chini mno, Salimu Redio akaendelea akimimina kahawa. Huko duniani Warusi na Wamarekani wanashindana kufika mwezini. Wenzangu, mwezi haukai mahali pamoja! Ukiulenga ulipo, ukifika umekwisha kuondoka. Yataka mtu wa kusema, lengeni pale, si hapa. Akikosea kidole kimoja, yule jamaa aliye chomboni aupita mwezi, aja kuanguka Funzi kwenye mikoko. Nani wa kulenga? Mbeyu!

— Kwa hiyo mtoto wa dada yangu atakuwa mtupa manati, akasema Mzee Boga. Endeleeni.

Hapo Suleiman akaona Bunge linamponyoka, akatoa silaha yake kubwa. Aliisikia kwa Mhindi mmoja wa Mombasa aliyekuja kutengeneza gurudumu, akaihifadhi kama nguo ya Idi.

— Mjomba, wacha hao. Kazi kubwa kuliko zote iko kwenye makampuni ya bima. Huko wamo watu wa hesabu, wamekaa kwenye viti vya ngozi, feni inawapepea, kazi yao ni kujua watu watakufa lini!

Salimu alisita na birika hewani. Suleiman alitabasamu akingoja sifa, kisha akauona uso wa mjomba wake, na tabasamu likamkauka meno yakiwa nje.

— Watu watakufa lini? akauliza Mzee Boga polepole. Astaghfirullah! Suleiman, hiyo ni ramli. Hilo ni bao la mganga na mchanga wake. Nimekatazwa na dini, nimekatazwa na mama yangu, kisha nimpeleke mtoto Nairobi akaisomee?

— Sikusema ramli, mjomba...

— Ajali ya mja, siku yake ya kufa, waijua wewe? Aijua Mungu peke yake. Imekwisha. Mbeyu hendi.

— Injini umejigonga, akanong'ona Kitsao.

Mzee Boga akakiweka kikombe chini. Sauti yake ilikuwa imeshuka.

— Mwadhani mimi ni mkatili. Wewe Suleiman ukipotea huko, tumempoteza mtu, tutalia, tutanyamaza. Mbeyu akipotea, tumeipoteza nyumba. Ukoo wetu wapitia kwake na kwa watoto wake. Hamwoni kwa nini nauliza anapelekwa wapi?

Suleiman akamwona Mbeyu kwa macho ya moyo, anafungua sanduku, anatoa nguo moja moja. Yeye ndiye aliyemwambia afunge. Akaruka kutoka kwenye taruma, akaja kuchuchumaa mbele ya mzee.

— Mjomba, nipe neno moja tu. Ulipopanda ile minazi ya kule juu, uliotesha miche sawasawa na mashimo?

— Sijapagawa. Niliotesha ya akiba.

— Ya nini?

— Mchwa wangekula mingine. Mingine hukauka tu, haina sababu.

— Uliujua mche utakaoliwa? Huu hapa, au ule pale?

— Ningeujua ningeupanda?

— Lakini ulijua kuwa itakayoliwa imo.

— Nimepanda minazi tangu sijaota ndevu. Nilijua imo, na nilijua kama ni mingi au michache.

— Ulipiga ramli?

— Shika adabu yako!

— Basi ndiyo hiyo, mjomba! Suleiman akasimama, injini imerudi. Mganga hutaja mtu. Husema Kitsao atakufa Alhamisi...

— Niondoe humo! akalia Kitsao.

— ...naye mtu wa hesabu hamjui Kitsao wala hana haja naye. Yeye huchukua watu kama Kitsao shamba zima, akasema mchwa watakula kiasi hiki. Nani na nani, amwachia Mungu. Ndiyo maana bima huweka akiba, kama wewe na miche yako. Mjomba, wewe umefanya hesabu za kutumika miaka yote, ila hukupewa joho!

Mzee Boga akaitazama mikono yake, akamtazama mpwawe, akayatazama makuti ya banda. Kisha fahari ikaanza kumpanda, ikamnyoosha mgongo.

— Kwa hiyo, akasema, Serikali ikitaka kujua mwaka ujao watoto wangapi wataingia shule...

— Mbeyu!

— Na dawa za hospitali ziletwe kiasi gani kabla homa haijaja...

— Mbeyu! wakajibu watatu kwa pamoja.

— Na wale Wazungu wa hoteli za Diani, wajenge wapi bahari isije ikawala?

— Mpwao, mzee!

— Basi nyinyi mlikuwa mwanichezea na mwezi na manati! Mzee Boga akasimama, na Bunge zima likasimama naye. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Wacheni nyufa zote wazi, jamani! Kuta zitajengwa, na mwenye kupima kuta ni wa nyumba yangu! Atapima kutoka Vanga mpaka Kisumu! Wataulizana Nairobi, huyu ametoka kwa nani? Wataambiwa, kwa Boga! Salimu, jaza vikombe. Mimi, mjomba, mbele ya Mungu na mbele yenu, natoa ruhusa!

— Allahu Akbar! Salimu akamimina hadi kahawa ikafurika kwenye vidole vya watu, hapana aliyelalamika. Kitsao akalipiga taruma kwa ngumi kama ngoma. Suleiman alitembea huku na huku barabarani kifua mbele, akiwaambia hata mbuzi waliokuwa wakipita kwamba elimu ni mdomo.

Katika zogo hilo likasimama basi likirudi kutoka Likoni, akashuka utingo mgeni, kijana aitwaye Kahindi, ambaye alikuwa hajatimiza wiki kwenye njia hiyo. Akaamkia.

— Shikamoo, wazee. Naombeni kahawa. Pana harusi?

— Marahaba, mwanangu, zaidi ya harusi! akasema Mzee Boga. Nimemruhusu mpwangu Mbeyu aende Chuo Kikuu.

Kahindi akapuliza kahawa yake.

— Mbeyu mwenye sanduku la bati la kijani?

— Wewe umelijulia wapi? akauliza Suleiman.

— Nimelipakia leo asubuhi, njia panda ya Munje. Alisindikizwa na bibi mmoja mkali, Bi Mwanaima. Alinipa amri tukipita hapa tusipige honi, ati pana wanaume wangali wanajadiliana, wasishtuliwe. Nimemshusha kivukoni, atapanda treni ya leo jioni.

— Mwanaima, akasema Mzee Boga, ni mama yangu.

— Ndiyo, alisema hivyo. Alisema mjomba ni mjomba, lakini naye mjomba alizaliwa. Kahindi akanywa, akawatazama mmoja mmoja kwa heshima, kama mtu atakaye kujifunza. Sasa wazee wangu, hiyo ruhusa mnampa nani?

Redio alizimika. Reli alilitazama taruma lake. Halafu Suleiman akaiona moyoni treni inaondoka Mombasa, na Mbeyu dirishani, na furaha ikampanda hadi kichwani. Akaruka juu ya taruma, akapiga kigelegele kirefu kama shangazi wa bi harusi. Mzee Boga akaitikia kwa kigelegele cha pili.