Poda ya Waziri

Jumanne ndiyo siku mambo yalipoharibika: Kapteni, waziri mpya wa ulinzi, alitangaza kwenye runinga kwamba vijana wa jeshi wanapelekwa mpakani. Mwana wa pekee wa fundi viatu mmoja aliyefiwa na mkewe alikuwa mmoja wao. Alhamisi, ndani ya basi, fundi alikuwa bado anafoka.

“Waziri gani huyu? Juzi tu alikuwa mtangazaji!”

“Lakini vita alipigana kweli, baba,” alisema mama aliyeketi kando yake. “Nilikuwa nampaka poda studio. Kule kuchechemea kwake ni jeraha la vita, si maigizo.”

“Kumbe ninyi ndio mliompamba! Marehemu mke wangu alimwamini kuliko mimi.”

Abiria wa nyuma wakaacha kujifanya wamelala.

“Mimi niling’arisha uso tu. Maneno aliyoandikiwa yalipita kwenye kioo cha kamera mbele yake, naye akasoma. Siku kioo kilipozima aliduwaa, jasho likaniharibia poda yote.”

Basi likasimama. Mama akainuka, lakini fundi akamzibia njia kwa magoti.

“Niambie kwanza, mwanangu. Hayo ya kumpeleka kijana wangu vitani, nani alimwandikia?”