Radhi ya Mara ya Tatu

Pale Mkunazini, kwenye kona ya kichochoro kinachokatisha kwenda sokoni, pana baraza ya mawe, na mwaka huo wa sitini na tisa ilikuwa na wenyewe watatu ambao hakuna aliyewapa. Wa kwanza ni Hamad, aliyeitwa Balozi, kwa sababu alizieleza nchi za watu mtaa kwa mtaa ilhali safari yake ndefu kuliko zote ilikuwa ya Chukwani, tena alikwenda harusini. Wa pili ni Bakar, aliyeitwa Redio, maana akishafunguliwa hakuna ajuaye pa kumzimia. Wa tatu ni Kapteni, aliyewahi kupika melini akarudi na cheo alichojivisha mwenyewe. Kahawa akiileta Abdulla, na dele lake la shaba, kila siku baada ya alasiri.

Siku hiyo Mcha, mwalimu wa skuli, alikuja kuaga. Desturi yetu msafiri hatoki hivi hivi. Hupita kwa jamaa na majirani akataka radhi, kwamba nilipokukosea nisamehe, nao wakamsamehe na kumsomea Fatiha, ndipo akaondoka na moyo mweupe. Tabu ya Mcha ni kwamba alikwisha kuaga mara mbili. Mwaka juzi alipata nafasi ya chuo kikuu Ujerumani, akaaga, akaliliwa, na pale bandarini akaambiwa ruhusa imezuiliwa, walimu hawatoshi, arudi akasomeshe. Mwaka jana akaaga tena, na safari hiyo nafasi akapewa mwengine. Yeye habari aliipata kwenye foleni ya mchele. Baina ya safari hizo mbili ambazo hakuzisafiri, mama yake, Bi Sichana, akafariki huko kwao Tumbatu, na mama hakuwa na mtoto mwengine. Sasa ruhusa imetoka tena, meli ya Dar es Salaam inaondoka kesho asubuhi, na watu wa kumpa Mcha radhi hapa duniani walikuwa hawa watatu.

— Asalaam alaykum.

— Waalaykumu salaam, Mwalimu, — akajibu Balozi, na hakusogea.

Hakusogea mtu. Mahali pa Mcha, pale ubavuni mwa mlango, Kapteni alipanyooshea miguu tangu mwenyewe alipoaga mara ya kwanza na hakuikunja tena. Abdulla naye alimimina vikombe vitatu. Cha Mcha alikitoa kwenye mzunguko siku ile ile, na hajakirudisha, si kwa uadui, kwa kusahau tu. Mcha kila siku aliona haya kukiulizia.

— Nimekuja kutaka radhi, wazee wangu. Nasafiri kesho.

— Tena? — akasema Redio.

— Tena.

Balozi akashusha kikombe.

— Mwanangu, sisi radhi tushakupa. Tumekupa mara mbili, na mara zote mbili hukwenda nayo pahala. Ile unayo bado. Unataka nyengine ya nini?

— Ile ya zamani itakuwa imeshaingia kutu, — akasema Kapteni.

— Radhi haiingii kutu, yakhe! Radhi si msumari.

— Kila kitu cha Unguja huingia kutu. Chumvi ya bahari hii!

— Mie nnaona jambo jengine, — akadakia Redio. — Tokea mwaka juzi huyu kijana nimemsengenya, si kidogo. Sasa hayo maneno hayamo katika radhi ya zamani. Kwa hivyo si yeye wa kunitaka radhi mimi, ni mimi wa kumtaka yeye. Na leo nimechoka, siwezi kuomba.

— Ulisema nini? — akauliza Mcha.

— Mengi. Mengine yalikuwa ya kweli.

Mcha akacheka, maana barazani asiyecheka huonekana ana kisirani. Lakini mkono wa kuagana alikuwa ameshaunyoosha kidogo, akaurejesha akajifanya anajipangusa shati. Alilipiga pasi mwenyewe shati lile asubuhi.

— Nkwambieni siri, — akasema Kapteni, na akainama kama yuko kwenye moshi wa jiko lake la melini. — Tulikuwa na serahangi mmoja, mkubwa wa mabaharia, yule haagi mtu. Anatoka kwake kama anakwenda kununua mkate, kumbe anakwenda Bombay. Hajarudishwa bandarini hata siku moja! Huyu Mcha anarudishwa kwa sababu ya Fatiha zetu.

— Astaghfirullah!

— Ngojeni. Mtaa mzima tunamwombea nini? Arudi salama. Basi si ndiyo anarudi salama? Anarudi hata hajaondoka! Tumemwombea kwa nguvu mno.

Redio akaliwaza hilo kwa dhati.

— Basi tumwombee asirudi.

— Hapo sasa utakuwa unamlaani.

— Hamjui kitu nyote, — akasema Balozi, na akakunja mguu juu ya mguu kama walivyo mabalozi. — Huyu Mcha yuko Ujerumani. Mimi tangu mwaka juzi nikiulizwa, mwalimu wenu wa Tumbatu yuko wapi, hujibu yuko Ujerumani. Watu washazoea. Wengine wananiletea salamu nimpelekee.

— Na huyu je, aliyesimama hapa?

Balozi akamtazama Mcha kutoka viatuni mpaka usoni.

— Huyu ni yule aliyebaki.

Wakacheka mpaka Abdulla akamwaga kahawa. Mcha hakuweza kucheka hapo, kwa sababu aliiona ni kweli. Tangu mwaka juzi sanduku lake halikupanguliwa, nguo zikitolewa moja moja na kurudishwa. Hakununua kitanda, maana anaondoka. Hakupeleka posa kwa akina Biasha wa Jang'ombe, maana anaondoka, na Biasha sasa ana mume. Alikuwa mpweke katikati ya mji uliojaa watu wanaomjua kwa jina, na upweke huo ulimuuma kuliko kule kurudishwa bandarini.

— Wazee, semeni tu mumenisamehe. Mama hayupo wa kuniambia.

Walikuwa na la kusema, na wote watatu walilijua. Lakini baraza la wanaume likitakiwa neno la moyoni hutafuta njia ya kukimbia.

— Ila Ujerumani kuna baridi, — akasema Balozi.

— Wee! Mate yanaganda! — akasema Redio.

— Mtu akisema neno nje, halisikiki mpaka jua litoke liliyayushe, — akasema Kapteni.

Mlango wa nyumba ya pili ukafunguka. Alikuwa Bi Mwanapili, aliyehamia wiki ile kutoka Jang'ombe, kanga kichwani na birika mkononi.

— Abdulla, nitilie humu, nna wageni.

— Shikamoo, bi, — akasema Mcha.

— Marahaba, mwanangu. Nyie mna ugomvi gani? Wageni wangu hawasikilizani.

— Huyu kijana anakwenda kusoma Ulaya, bi, — akajibu Redio.

— Mashaallah. Anakwenda kusoma nini?

Balozi akawahi kujibu.

— Chuo kikuu.

— Nimefahamu, chuo kikuu. Anasomea nini?

— Udaktari, — akasema Redio.

— Udaktari wapi! Injini, — akasema Kapteni. — Au... injini.

Redio, aliyejua nani ameposa na nani amekataliwa kutoka Malindi mpaka Amani, akawa anatazama ndani ya kikombe chake. Tangu mwaka juzi walikwisha kuzungumza juu ya ruhusa, juu ya meli, juu ya koti la baridi. Hilo hawakuliuliza.

— Maji, bi, — akasema Mcha. Hilo hakuwahi kumwambia mtu tangu alipofariki mama yake. — Maji ya chini ya ardhi. Kwetu Tumbatu visima vina chumvi. Mama akivuka na mitungi mpaka Mkokotoni kufuata maji ya kunywa, mpaka alipozeeka. Nataka nijue maji matamu hukaa wapi.

Bi Mwanapili akaliweka birika chini.

— Basi nenda, mwanangu. Mie na wewe hatujakoseana, ndiyo kwanza nimehamia. Lakini kama lipo, nimekusamehe. Nawe nisamehe.

— Nimekusamehe, bi.

Akamsomea Fatiha pale pale kizingitini, midomo ikienda bila sauti, na Mcha akaitika amina peke yake. Kisha akachukua birika lake, na mlango ukafungwa.

Abdulla akaliinamisha dele. Lilikuwa tupu.

Balozi akainuka, akaivaa vizuri kofia iliyokuwa imekaa vizuri tayari. Akamgeukia Mcha. Ungesema sasa atalitoa lile neno, na nadhani hata yeye alidhani hivyo.

— Haya, Mwalimu, — akasema. — Kesho, baada ya alasiri.

— Kesho, — akasema Redio.

— Kesho inshaallah, — akasema Kapteni, na akaikunja miguu yake akaondoka.

Mcha akakaa mahali pake, ubavuni mwa mlango. Jiwe lilikuwa bado na joto.

— Inshaallah, — akaiambia migongo yao. — Kesho.