Daftari la Ndege la Wellars Mbarushimana, 1960–2025

Wellars Mbarushimana, tunayemsindikiza leo hapa Rubavu, alizaliwa tarehe 9 Agosti 1960 wilayani Karagwe, Tanzania ya leo, mtoto wa tatu kati ya sita. Wazazi wake, Niyonsenga na Umugwaneza, walikuwa wametoka Bugeshi, Rwanda, miezi michache kabla, wakiwa na ng'ombe wawili na godoro moja. Bugeshi yenyewe aliijua kwa masimulizi tu: baridi, viazi, na volkano nyuma ya nyumba. Aliiona kwa macho akiwa na miaka thelathini na sita.

Alisoma shule ya msingi hukohuko Karagwe, na mwaka 1978 alimaliza kidato cha nne Bukoba. Cheti chake kina alama nzuri za biolojia na mbaya za hisabati, jambo ambalo hakulificha. Kiswahili chake kilibaki cha kule, na mjini Gisenyi walimtania kwamba anaongea kama redio.

Alikuwa karani wa misitu, mwenye kazi ya kuhesabu miti, hadi aliporudi Rwanda mwaka 1996. Alifundisha shule ya msingi karibu na Mahoko kwa miaka minane, kisha mwaka 2004 akaweka chaki chini na kuwa mwongozaji wa watazama ndege. Safari yake ilikuwa moja, na, ukiondoa miaka ambayo mpaka ulifungwa, hakuibadilisha kwa miaka kumi na tisa: siku tatu katika msitu wa milimani wa Gishwati, kisha kuvuka mpaka wa Cyanika kuingia Uganda, na siku nne katika msitu wa tambarare wa Semuliki, ambako joto ni jingine na ndege ni wengine.

Alitembea polepole mno. Kilometa moja ilimtosha kwa asubuhi nzima. Valentin, dereva wake tangu mwanzo, husema hivi: "Mi sikukuwaka chauffeur. Nilikuwaka mulinzi wa gari yenye kusimama."

Kila jioni kabla ya chakula, wageni waliketi na Wellars akasoma majina ya ndege wa siku hiyo, moja baada ya jingine. Kila mtu alijibu: nimemwona, nimemsikia, au sikumpata. Alama ya vema iliwekwa daftarini, kwenye safu ya aliyemwona au kumsikia, na safu ya kwanza ilikuwa ya mwongozaji. Aliyedai ndege ambaye hakumpata hakukaripiwa. Hakualikwa tena.

Mwaka 1998 alifunga ndoa na Nyirahabimana, muuza sambaza, dagaa wa Ziwa Kivu, wa Gisenyi ambaye wateja wake wengi walikuwa wachuuzi wa Petite Barrière, kituo cha mpaka wa kuingia Goma. Wakati wa uchumba Wellars alikuwa akimsindikiza kutoka sokoni Mahoko hadi kwa shangazi yake, mwendo wa dakika arobaini, nao walitumia muda wa saa tatu. Shangazi aliingiwa na wasiwasi. "Aliniuliza, huyu mutu iko mugonjwa wa miguu?" anakumbuka Nyirahabimana. "Mi nilizani ananipenda. Kumbe anaangalia miti." Wellars alijibu maisha yake yote kwamba alikuwa akifanya yote mawili. Walijaliwa watoto wawili, Denyse na Ishimwe.

Mwaka 2019 daktari wa masikio alimweleza kwamba sauti nyembamba zimekwenda na hazitarudi, nzito zitabaki. Aliendelea kusikia mabawa ya hondohondo, gari la Valentin na, kwa maelezo yake mwenyewe, mkewe. Lakini ndege wengi wa msituni wana sauti nyembamba, na hupatikana kwa sikio kabla ya jicho. Wellars hakumwambia mtu isipokuwa Denyse, aliyekuwa na miaka ishirini na aliyekuwa ameanza kumbebea darubini. Walikubaliana: Denyse akisikia ndege angemgusa baba yake kiwiko cha upande ule na kumtajia jina sikioni. Wellars angesimamisha wageni na kuwaonyesha pa kutazama. Jioni, vema iliwekwa kwenye safu ya kwanza, ile ya mwongozaji.

Mpango huo ulidumu miaka minne, bila mgeni hata mmoja kushuku.

Julai 2023 alikuwa na wageni wanne, mmoja wao Jean de Dieu, mhandisi mstaafu wa Kigali. Alikuwa ametafuta kwa miaka kumi na mbili ndege mdogo wa kijani mwenye uso mweusi, akaja kwa Wellars kwa kuwa kila mtu alimwambia kwamba alichoandika Wellars hakina haja ya kuulizwa. Siku ya pili Gishwati, Denyse alimgusa baba yake kiwiko cha kushoto. Ndege hakujitokeza. Jean de Dieu hakusikia vizuri kwa sababu ya upepo, lakini jioni Wellars aliweka vema yake, na mgeni naye akaweka ya kwake chini ya dhamana hiyo.

Siku tatu baadaye, wakiwa Semuliki wakisubiri chakula, Jean de Dieu alirudi kwenye jina lile. Aliomba aelezwe wimbo wa ndege yule, ili awe na hakika kwamba ndio aliousikia kwa mbali.

Wellars aliujua wimbo huo kwa moyo. Angeweza kuupiga mluzi bila kukosea, na jambo lingeishia hapo. Denyse anasema alianza kusogea ili ajibu yeye, na baba yake akamzuia kwa mkono.

"Sikumsikia," alisema. "Denyse ndiye aliyemsikia. Mimi ndege huyo sijamsikia tangu mwaka 2019."

"Sasa, mzee, vema hii ni ya nani?" aliuliza Jean de Dieu.

"Si yangu."

Aliifuta mbele yao. Jean de Dieu alifuta ya kwake, akasema kwamba ameendesha gari kutoka Kigali kwa ajili ya neno la mtu, na hakuzungumza na Wellars hadi kesho yake. Asubuhi Wellars alimkabidhi Denyse daftari, yeye akatembea nyuma, akiwa amebeba darubini.

Hakuongoza tena. Miezi miwili iliyofuata alipitia madaftari ya miaka minne, akahamisha vema 1,114 kwenye safu aliyoichora kwa rula na kuiandika jina la Denyse, akawaandikia wageni wote barua. Wengine hawakujibu. Jean de Dieu alijibu baada ya miezi saba, akiomba safari ileile, akiongozwa na Denyse. Ndege yule walimpata Gishwati, Juni 2024, wote wawili kwa macho.

Machi 2025 Wellars aligundulika kuwa na saratani ya ini. Alitibiwa Kigali, na Agosti akarudi nyumbani, kitanda kikawekwa dirishani. Kila jioni Denyse alisoma majina, naye alijibu kwa mkono: kidole juu, nimempata, kiganja chini, hapana. Jioni ya tarehe 18 Oktoba aliinua kidole kwa mwewe na kwa kunguru. Jina la tatu lilikuwa la ndege mdogo aliyekuwa akiimba uani wakati uleule. Wellars aliweka kiganja chini.

"Umwandikie tu, Denyse," alisema Nyirahabimana. "Baba yako ni mugonjwa."

Kiganja hakikuinuka. Alifariki alfajiri iliyofuata, tarehe 19 Oktoba 2025.

Ameacha mjane, Nyirahabimana. Watoto wawili, Denyse na Ishimwe. Mjukuu mmoja, Mucyo. Na ndugu wanne, Karagwe, Goma na Bugeshi. Daftari lake amelichukua Denyse. Ukurasa wa mwisho una vema mbili kwenye safu ya baba yake. Nafasi ya tatu iko wazi, na Denyse ameiacha hivyo.

Mungu ampe pumziko la amani.