Bi. Roseline Nafula na Alhamisi za Kaloleni

Miaka ishirini na tisa na miezi mitano imepita tangu Jumatatu ya tarehe 2 Februari 1970, siku ambayo Bi. Roseline Nafula aliketi kwa mara ya kwanza mbele ya swichibodi ya Kwato Safaris. Leo, Jumatano, tarehe 30 Juni 1999, anaondoka rasmi kazini. Kamati ya sherehe imeniomba niandike wasifu wake kwa kuwa mimi ndiye niliyefanya kazi naye muda mrefu zaidi kati ya sisi tuliobaki. Nitajitahidi kusema kweli, hata pale ambapo kweli yenyewe hainipambi.

Wafanyakazi vijana wanamjua Bi. Roseline kama mtembeza wageni. Wengi hawajui kwamba kwa miaka ishirini na miwili ya kwanza hakumtembeza mtu yeyote popote. Alikuwa opareta wa simu, na hakuna aliyeweza kumdanganya kwenye waya. Mwaka 1978 nilimpigia kutoka Naivasha nikidai gurudumu limepasuka na kwamba nitachelewa. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniambia kwa upole kwamba hilo gurudumu langu lina sauti ya sahani na vijiko, na nikimaliza kula nirudi. Tangu hapo madereva tulijifunza kupigia simu nje ya hoteli.

Nyumbani kwake ni Kaloleni, hapa Nairobi, katika zile nyumba za kanseli, yaani za baraza la jiji, alikoletwa kama bi harusi mwaka 1966 na mumewe, Mzee Mulongo, aliyekuwa mfanyakazi wa reli. Binti yao wa kwanza anaitwa Mitchelle, kwa hiyo mtaani hakuna anayemwita Roseline. Huko ni Mama Mitchelle, na ukiulizia jina jingine utazungushwa hadi uchoke.

Mambo yalibadilika Alhamisi ya tarehe 13 Agosti 1992. Wageni wetu watano walikuwa wamekwama mjini kwa sababu ndege yao iliahirishwa hadi asubuhi. Mmoja wao, muuguzi mstaafu, alipiga simu ofisini saa kumi alasiri akauliza watu wa jiji hili huenda wapi jioni. Bi. Roseline akamsomea orodha tuliyokuwa nayo: kasino, dansi za hoteli, mkahawa wa nyama. Yule mama akasema hakuulizia watu wa hotelini, aliulizia watu wa jiji. Bi. Roseline akafikiri kidogo, akamjibu kwamba yeye mwenyewe jioni hiyo alikuwa anakwenda mazoezi ya kwaya.

"Naweza kuja?" akauliza yule mgeni.

Meneja wetu wakati huo alikuwa Mzee Gedi, mtu wa maneno machache. Bi. Roseline alipomweleza, alivua miwani, akaifuta, akairudisha. "Kama wote watarudi wakiwa wazima," akasema, "mengine sitaki kuyajua."

Ndivyo yalivyozaliwa Matembezi ya Jioni, safari pekee ya kampuni hii isiyohitaji gari. Nikiwa mkuu wa Idara ya Magari, nililichukulia hilo kama tusi.

Wageni waliozoea kusikia maisha ya usiku yakitajwa pamoja na muziki na chupa walishangaa kuona njia aliyochora. Walianzia Shauri Moyo saa kumi na mbili jioni, penye mafundi wa masanduku ya bati, si kwa kutazama kazi bali kusubiri iishe. Nyundo zilikuwa zinapungua moja baada ya nyingine hadi ikabaki moja tu, ya fundi aliyekuwa na haraka ya mwisho, nayo ikanyamaza. Bi. Roseline alisema mtu asiyesikia ukimya ule hajui jioni ya Eastlands, upande huu wa mashariki wa jiji, inaanza lini. Kutoka hapo walipita kwa akina mama wanaokaanga samaki, wakaingia Kaloleni, wakakaa mlangoni kwa kinyozi kusikiliza ubishi wa mpira, wakatazama mabondia wakiruka kamba ukumbini. Walimalizia kwenye mazoezi ya kwaya, pale sauti ya pili ilipokosea wimbo uleule kila Alhamisi.

Aliweka masharti mawili. La kwanza, mgeni asalimie kabla ya kutoa kamera. La pili lilikuwa swali kwa swali: ukimuuliza mtu wa mtaa jambo, naye ana haki ya kukuuliza, na lazima ujibu. Mzee mmoja kutoka nchi za baridi aliwauliza wacheza drafti waliokaa kando ya njia wanapata wapi muda wa kucheza kila jioni. Wakamjibu, kisha wakamuuliza nani humpikia kwao. Akasema mkewe alifariki miaka minne iliyopita, anakula peke yake mbele ya televisheni. Mmoja akasogea kwenye benchi, yule mzee akaketi, akafungwa michezo sita mfululizo. Alitutumia kadi kila Krismasi hadi juzi juzi, na daima aliwasalimia wacheza drafti kwanza, kampuni baadaye.

Mwaka 1996 ulikuwa mgumu. Mzee Gedi alikuwa ameshaondoka, na Bw. Githinji alikuwa ndiyo kwanza ameletwa kusimamia masoko. Alikuwa kijana mchapakazi, na sina nia ya kumsema vibaya, kwani yeye mwenyewe ameniruhusu kuandika haya. Wakala mmoja wa ng'ambo aliahidi kutuletea wageni thelathini kila wiki, mradi Matembezi ya Jioni yaongezewe Mathare, mtaa wa mabanda ulio bondeni: wageni wapande magari, wapite juu ya bonde jua likitua, vioo vikiwa vimefungwa, wapige picha za mabati na moshi, kisha warudi hotelini kula. Bw. Githinji aliandika waraka. Ndani yake kulikuwa na maneno "mandhari ya bonde." Mimi nilifurahi. Hatimaye magari.

Bi. Roseline alikwenda ofisini kwa Bw. Githinji akiwa ameshika ule waraka. Nilikuwa humo, nikipanga zamu za madereva.

"Bw. Githinji, hii sitaiongoza," akasema.

"Kwa nini, Mama? Ni njia tu imeongezwa."

"Mathare nina watu. Wanasali na sisi, wengine nimewazika wazazi wao. Nitawapeleka wageni kwa mtu ninayeweza kumtambulisha kwa jina. Kwa dirisha la gari sijui nitamtambulisha nani."

Bw. Githinji alimkumbusha kwamba kazi si hiari. Wiki hiyo akampa barua ya onyo, na katika ofisi yetu barua ya pili ilikuwa ndiyo ya kuondoka. Bi. Roseline alikuwa amebakiza miaka mitatu afikie kustaafu. Mzee Mulongo alikuwa nyumbani na mguu uliokuwa ukimsumbua. Alikunja barua, akaiweka kwenye mkoba, akaomba jambo moja: kabla ya kumwandikia ya pili, Bw. Githinji aje atembee Alhamisi moja kama mgeni, asijitambulishe cheo.

Alikuja tarehe 14 Novemba, akiwa na koti la mvua, akitembea nyuma ya wageni tisa. Nimesimuliwa na wote wawili, na maelezo yao yanalingana. Saa mbili kasorobo, walipokuwa kati ya kibanda cha kinyozi na ukumbi wa mabondia, stima zikapotea, taa zikazimika mtaa mzima. Hakukuwa na mwezi. Bw. Githinji alihesabu wageni kwa kuwagusa mabega, akawapata wanane. Aliyekosekana alikuwa mama wa miaka sabini aliyevaa kofia ya buluu.

"Mtu asitembee," akasema, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Simu ya karibu iko wapi? Tuite polisi."

Bi. Roseline akamshika mkono. "Ngoja kidogo." Kisha akaita gizani, kwa sauti ya kawaida kama anayeita jirani kupitia dirishani. "Nthoki?"

"Naam, Mama Mitchelle," akaitika muuza chai kutoka upande wa pili wa njia.

"Mgeni wangu mmoja simwoni. Yule wa kofia."

"Niko naye. Amekalia kiti changu, anakunywa chai. Alisema miguu imechoka."

"Ameogopa?"

"Wapi. Amenifundisha giza linaitwaje kwao, sasa namfundisha Kikamba."

Bi. Roseline akaendelea kuita majina. Kinyozi akaitika, akatoka na tochi. Mabondia wawili wakaja na taa ya karabai ya ukumbini. "Mathe, tuko hapa, tunawashikia taa mbele," mmoja akamwambia Bi. Roseline. Kila mgeni akashikwa mkono na mtu mmoja. Bw. Githinji aliangukia kwa Syombua, mama mboga anayeuza kando ya ukumbi, ambaye hakuwa na habari kwamba yule ni meneja.

"Wewe wa koti, shika leso yangu. Hapo mbele kuna mtaro," Syombua akamwambia. "Unaitwa nani?"

"Githinji."

"Haya Githinji, inua mguu. Mwingine. Sasa umevuka."

Walipofika barabarani, hakuna mgeni aliyekuwa amekwaruzwa. Bw. Githinji aliwahi kuniambia kwamba kilichomsumbua si giza. Alipokuwa ameishika ile leso alikumbuka maneno ya waraka wake, akajiuliza Syombua angeyasoma vipi. Asubuhi aliuondoa waraka, na nakala ya barua ya onyo iliyobaki ofisini akaichana mbele ya Bi. Roseline.

Ningependa kusema kila kitu kilikuwa shwari baada ya hapo, lakini haikuwa hivyo. Wakala yule aliwapeleka wageni wake thelathini kwa kampuni nyingine. Madereva wangu wawili walikaa nyumbani nusu mwaka. Nilimlaumu Bi. Roseline waziwazi, jikoni mwa ofisi, mbele ya watu, na kwa karibu miezi miwili nilimpita kwenye ngazi bila salamu. Yeye alinisalimia kila asubuhi kwa jina, akaniulizia watoto, kisha akaenda zake. Hakunijibu hata siku moja kuhusu yale ya jikoni.

Baada ya bomu la Agosti mwaka jana, mji ulipolia, wageni walifuta safari karibu zote. Gereji ilijaa magari yaliyosimama. Bi. Roseline akapendekeza Matembezi ya Jioni yafunguliwe kwa wakazi wa Nairobi wenyewe. Tulidhani hakuna atakayekuja. Alhamisi ya kwanza walikuja kumi na mmoja: walimu wa Lang'ata, karani wa benki aliyezaliwa jijini na asiyewahi kuvuka Jogoo Road kwa miguu, mume na mke waliokuwa wamechoka kukaa ndani wakisikiliza habari. Na mimi nilikwenda, kwa kuwa sikuwa na gari la kupeleka popote.

Naishi Buruburu, na kutoka huko hata ukitembea polepole unafika Kaloleni kabla hujachoka. Nilimuuliza mcheza drafti kama jioni hizo hazimchoshi. Alinijibu, kisha ikafika zamu yake. "Na wewe, mzee, kwenu jioni mnafanya nini?"

"Nafunga geti," nikasema.

"Halafu?"

"Nalala."

Hawakunicheka. Walinisogezea benchi. Nilicheza, nikafungwa, na baadaye nikasimama nyuma ya kwaya nikisikiliza sauti ya pili ikikosea. Tulipokuwa tukitembea kwenda barabarani nilimwambia Bi. Roseline kwamba yale ya jikoni sikupaswa kuyasema. Akasema, "Nilijua ulikuwa na watu wako wa kutetea, Kabiru. Na mimi nilikuwa na wangu."

Matembezi ya mwisho chini yake yalikuwa Alhamisi iliyopita. Wageni tulikuwa sisi wenyewe, watu wa ofisi kumi na wanane, na alitutambulisha mtaani mmoja mmoja, kwa majina ya wazazi wetu na vijiji tulikotoka, mambo ambayo sikujua anayajua. Nthoki alimuuliza mbele yetu sote ni nani atakayeshika nafasi yake. Bi. Roseline alimtazama Bw. Githinji, naye Bw. Githinji akatangaza kwamba kuanzia tarehe 1 Julai, ambayo ni kesho, mtembeza wageni wa Kwato Safaris atakuwa Bi. Syombua. Mama mboga aliweka chini kisu chake cha sukuma wiki, akafuta mikono kwenye leso, akauliza kama wageni wake wa kwanza wanakula dagaa wa omena. Ndiyo mara ya kwanza njia hii kuongozwa na mtu ambaye hakutoka ofisini kwetu, na Bi. Roseline anasema ingepaswa kuwa hivyo tangu mwanzo.

Yeye na Mzee Mulongo wanahamia Busia mwezi ujao. Ameniambia kwamba anaogopa kidogo ukimya wa huko, na kwamba ameshauliza kama kanisa la karibu lina kwaya. Linayo, na sauti ya pili inahitaji watu.

Mama Mitchelle, kwa niaba ya madereva, makarani, wapishi na mameneja, asante. Uliwapa wageni jioni zako kwa miaka saba, na sisi wenyeji ukatupa zetu tulizokuwa tukizifungia geti. Nenda na jioni ndefu zisizo na ratiba, uzikalie nje, na akipita mtu amwite Mzee Mulongo kwa jina lake, nawe umkaribishe kiti.

Kabiru,
Idara ya Magari